Beseni la Kayabo

Kayabo niliyonunua sokoni Kisesa iko kwenye maji tangu asubuhi, na harufu yake ya chumvi imejaa jikoni.

Nilipokuwa mtoto, kwetu kando ya ziwa, vipande hivyo vya sangara mkavu wa chumvi viliingia kwenye beseni vikiwa vigumu kama ubao, na kufika mchana vilikuwa vimenenepa. Hakunifundisha mtu. Nilijionea mwenyewe.

Kisha bibi akaugua, akakauka. Mikono yake ikabaki mifupa na ngozi iliyokunjamana. Mchana mmoja nikavuta beseni hadi kando ya mkeka wake, nikauzamisha mkono wake majini na kuushikilia, nikasubiri.

“Unafanya nini?” mama aliniuliza kutoka mlangoni.

“Namloweka bibi. Atanenepa.”

Nilijua atanigombeza. Alichuchumaa tu, akayagusa maji.

“Haya ni ya baridi mno, mwanangu,” alisema, akaenda kubandika mengine.

Aliporudi aliyamimina taratibu, naye akaingiza mkono wake. Tulikaa hivyo, bibi amefumba macho. Nilipoutoa mkono wangu kuutazama, vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya bibi.