Kigari cha Kinyozi

Mume wangu amenyoa vichwa maisha yake yote, katika kibanda ambacho mteja akikaa kitini magoti yake yanagusa ukuta. Humo ndani hakuwahi kupiga hatua. Kiti ndicho kilichozunguka. Yeye alisimama palepale, mashine mkononi, macho kwenye kioo. Watu walimpa jina la Wembe, nalo likamkaa.

Hata mimi alinipatia humohumo kiooni. Nilimpeleka baba yangu kunyolewa ndevu, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Wembe akampaka mzee povu mpaka puani, halafu akaninong'oneza kupitia kioo, "Dada, na wewe umekuja kunyolewa, au umekuja kunitazama?" Baba akakoroma kwa hasira lakini angefanya nini, mdomo umejaa povu na wembe uko kooni. Nikajibu, "Nimekuja kuhakikisha humkati sikio." Akamkata sikio. Tukaoana.

Basi mtu huyu alipostaafu, badala ya kununua kiti cha kupumzikia kama binadamu wengine, akanunua uwanja, nje ya mji, nyumba ikiwemo. Nasema uwanja, msidhani ni kile cha mbele ya mlango cha kuanikia nguo. Kutoka nyumbani hadi getini ukimwita mtu, anaitika wakati umeshasahau ulimwitia nini. Kuna mteremko wa kwenda kisimani, kuna ua wa michongoma pande zote, na kuna nyasi zinazoota kana kwamba zina ugomvi na mimi. Siku ya kwanza Wembe alisimama getini, akakunja uso, akasema, "Mama Nesi, huyu hajanyolewa tangu azaliwe."

Akaanza kumnyoa. Pembeni akapunguza sana, katikati akaacha kidogo, kwenye njia akapiga mstari ulionyooka. Nyasi alizozikata alizibeba kwa toroli mpaka kwenye lundo, na maji akayapandisha kutoka kisimani kwa toroli hilohilo. Mgongo wake ukaanza kulalamika. Mimi nilikuwa nimeanza kulalamika zamani. Kila siku nilisema nataka kurudi mjini, kwenye maduka na majirani wa kusengenya nao.

Siku moja akaanguka na toroli kule mteremkoni. Nyasi zikamfunika mzima mzima. Nikakimbia huku na huku nikimwita, naye anaitika, "Niko hapa!" Hapa wapi? Uwanja wote ulikuwa hapa. Nilimpata kwa kumkanyaga.

Habari zikamfikia Nesi. Huyu ni binti yetu wa pekee. Tunamwita hivyo kwa sababu ni muuguzi, na wazazi wake anaongea nao kama wagonjwa wa wodini. "Baba," akasema kwenye simu, "mvua zikiisha nakuja. Nikikuta bado unasukuma toroli, mnahamia kwangu. Sitaki mjadala."

Kwa Nesi ni ghorofani. Kuna kibaraza chembamba chenye chungu kimoja cha maua. Wembe aliweka simu chini akabaki anatazama ukuta. "Nitanyoa nini kule?" akaniuliza. "Chungu?" Akacheka, lakini macho hayakutoka ukutani. Nilimwonea huruma sana, ila sikumwonyesha, maana wote walijua mimi niko upande wa Nesi. Hata mimi nilijua hivyo.

Ndipo akakata shauri: tununue kigari cha kubebea mizigo, kilichotumika, cha kumwezesha kuutunza uwanja bila kuvunja mgongo.

Dalali wa magari makuukuu alikuwa na shati lililombana na funguo nyingi kiunoni, akitembea analia kama ng'ombe mwenye njuga. Kwanza akatuonyesha trekta dogo. Wembe akalipanda vizuri, kushuka akashindwa. Ikabidi litafutwe kreti la soda aweke mguu. Tukaenda kwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Wembe akaweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa. "Inatetemeka. Hii inamkata mteja." Ikafuata pikapu isiyo na milango, gari la nguvu, limekakamaa kama mwanamieleka. Nililipenda. Nilikaa, nikaegemea, nikasema hili hapa. Wembe akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho, akasema, "Lina mafua."

Halafu akakiona kigari cha kijani. Viti viwili mbele, tangi la mafuta chini ya kiti, sanduku la chuma nyuma. Dalali akakiwasha. Wembe akainua kidole tunyamaze. Akasikiliza upande wa kulia, akazunguka akasikiliza wa kushoto, akatabasamu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni. "Mama Nesi, sikia hiyo. Mashine mpya ya kunyolea kabisa."

"Basi iendeshwe kwanza," nikasema.

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Mashine inapimwa mteja akiwa ametulia. Ukimtembeza utasikia nini?"

"Mzee anajua kazi," dalali akadakia haraka haraka.

Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra, na matokeo yake ndiyo haya.

Kigari kililetwa na lori. Kilishushwa kinyumenyume juu ya mbao mbili, taratibu, bila shida yoyote, na dereva wa lori akaondoka mbio bila hata kungoja maji ya kunywa. Wembe akavaa kofia, akakaa, akasukuma gia mbele. Kigari kikanguruma kwa sauti nzuri sana, hakikusogea. Akasukuma tena. Kikanguruma vizuri zaidi. Akavuta nyuma, kikachomoka, kikapita katikati ya kamba yangu ya nguo na kusimama kwenye michongoma. Nilimkuta ameketi wima, shuka limemzunguka shingoni, utadhani sasa yeye ndiye mteja.

Tukampigia dalali. "Mzee," akasema kwa upole, "wewe ulipima sauti, ukasema nzuri, na mimi nikakubaliana nawe. Mwendo hukuuliza." Kisha simu yake ikawa haipatikani mpaka leo.

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia!" nikapiga kelele. "Tena wewe gunia ulilifungua! Ukamsikiliza mbuzi akilia, ukasema ana sauti nzuri!"

Fundi wa sokoni akaja, akalala chini ya kigari, akatoka na hukumu: gia za mbele zimekufa zote na vipuri vyake havipatikani tena, ila ya kurudi nyuma ni nzima, itatuzika. Waliosema kinyozi hajinyoi walimwona mume wangu.

Basi akaamua kukiendesha hivyohivyo, kinyumenyume, amegeuza shingo. Shingo ikakubali siku ya kwanza. Ya pili ikakwama huko huko. Akawa anakula uso umeelekea dirishani na sahani iko pembeni, na ukitaka kumsalimia lazima uzunguke. Usiku akilala ananitazama mimi tu, hana namna. Mvua nazo zilikuwa zinakatika, na Nesi ameshaanza kuuliza vyombo vyetu vingapi ni vya kuvunjika.

Asubuhi moja nikasikia misumari inang'olewa chumbani. Nikakimbia. Kile kioo kikubwa cha kibandani, ambacho tulihama nacho na ambacho mimi hujifungia kilemba, hakipo ukutani. Kiko uani, kimefungwa kwa mipira ya tairi mbele ya usukani.

"Kioo changu!"

"Kioo chetu," akasema Wembe. Shingo ilikuwa imeanza kulegea. Akakaa, akakitazama kioo kwa utulivu, akavuta gia nyuma.

Akaenda. Akapita katikati ya miti miwili bila kugusa hata jani. Akazunguka kisima, akafuata ua mpaka getini, akarudi, sanduku likitangulia na yeye akifuata kisogo mbele. Mtu mwingine angechanganya kulia na kushoto akaishia kwa jirani. Lakini huyu ameishi humo kiooni, mkono unafanya kazi nyuma na macho yako mbele, hajui dunia iliyonyooka ikoje. Nilijivuna naye mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwambia, "Utakivunja."

Hakukivunja. Nyasi zikabebwa, maji yakapanda, toroli likawa kiota cha kuku. Wapita njia wakazoea kusalimia kisogo. Uwanja ukatoka umechongwa, mistari imenyooka, ungetaka kuupaka poda shingoni.

Nesi akaja na gari lenye masanduku matupu. Akasimama getini, akaona kisogo cha baba yake kinamjia kwa kasi juu ya lundo la nyasi.

"Baba! Mbona unarudi nyuma?"

"Sirudi, mwanangu. Nakuja kukupokea."

Nesi alizunguka uwanja wote kama anayekagua wodi. Akampima baba yake mapigo ya moyo. Akachungulia chini ya kigari. "Baba, gari hii haiendi mbele."

"Kisima kiko nyuma, lundo la nyasi liko nyuma, geti liko nyuma," Wembe akasema. "Mbele kuna nini?"

Nesi akauma mdomo asicheke. Kisha uso ukarudi wa kazini. "Na ukianguka tena, baba? Ni nani atakuona?" Nesi akanigeukia. "Mama, amua wewe. Wewe ndiye unayenililia kila nikipiga simu. Sema tu, nianze kupakia."

Wembe akazima injini. Hakunitazama. Alikuwa anakifuta kioo kwa mkono wa shati, palepale, palepale, na palikuwa safi zamani. Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nikaangalia yale masanduku, nikaangalia ule mstari wake wa njia ulionyooka, na kila nilichokuwa nimelalamikia kikanikimbia kichwani, sikukumbuka hata kimoja.

"Nitamwona mimi," nikasema.

"Mama?"

"Nimesema nitamwona mimi. Masanduku yako yarudishe garini."

Nikavua viatu, nikapanda kwenye sanduku la kigari, nikajikalia juu ya nyasi kama malkia. Wembe akawasha injini. Akanyanyua macho, tukakutana humo kiooni, yeye na mvi zake mbele, mimi na zangu nyuma, kama nimekaa kwenye lile benchi. Alikohoa kidogo kwanza.

"Dada," akasema, "na wewe umekuja kunyolewa, au umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kuhakikisha hutumbukii kisimani. Endesha."

Akavuta gia. Nesi akatupigia kelele kutoka getini, "Mnakwenda wapi sasa?"

Nilikuwa naangalia kioo.