Kitabu Kilichozuiliwa, na Bakuli la Visheti

Miaka ya tisini, ukirudi Maskati na vitabu, pale uwanja wa ndege watu wa forodha wakivichukua, visomwe na wakaguzi kwanza. Na mimi mjuba nikarudi na sanduku zima kutoka masomoni Ulaya. Tasnifu yangu ilihusu dola na ndoa: kwa nini serikali humtambua mtu kwa mume au mke aliyenaye, na wanaopenda jinsia yao huachwa wapi. Darasani kule nilikuwa mkali kweli, nikisema serikali imo mpaka chumbani. Mbele ya afisa wa forodha nililikabidhi sanduku kama nilivyoambiwa, likachukuliwa. Ndani ya kitabu kimoja mlikuwa na barua kutoka kwa mwanamke mwenzangu niliyempenda, kwa Kiswahili safi, na jina langu juu.

Ikisomwa, basi tena. Kazi niliyoahidiwa wizarani imekwenda, na mama yangu nitamtazama kwa uso gani?

Baada ya wiki niliitwa ofisi ya ukaguzi wa vitabu, mtaa wa Qurum. Mama aling'ang'ania kunisindikiza, bakuli la visheti alivyokaanga mwenyewe mapajani.

"Mama, tunakwenda ofisini, si harusini!"

Akalifunika vizuri bakuli lake.

Mkaguzi, mwanamke wa makamo, alinihoji kwa Kiarabu kikavu, sauti juu. Mama, mzaliwa wa Unguja, akaitambua lafudhi, akamkatiza kwa Kiswahili: "Mwanangu, kwenu wapi Unguja?"

Yule mwanamke akatupa jicho mlangoni asije akasikiwa, akashusha sauti, naye kwa Kiswahili. "Mjini, mtaa wa Ng'ambo, bi mkubwa."

Haya tena! Wakatajiana majirani, wakaelekezana nyumba, visheti vikapokewa, mimi natoka jasho mbele ya kiyoyozi. Mwisho akanigeukia.

"Hivi vitabu vinahusu nini?"

"Ndoa na serikali," mama akadakia. Wala hakusema uongo.

Muhuri ukagongwa, nikarudishiwa sanduku. Nyumbani Mawaleh nilipekua kitabu kimoja kimoja. Barua haimo. Nililia sakafuni, na siku tatu kila simu ikilia nashtuka.

Siku ya nne dereva wa yule mkaguzi alileta bakuli la mama. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata anayerudisha awe mtumishi wa serikali. Limejaa tende. Nilimkuta mama jikoni akizihamisha, na chini ya tende, ndani ya mfuko wa nailoni, barua yangu. Alhamdulillahi, haikufika kwa wakubwa! Lakini mama keshaitoa.

Akaisoma yote pale pale, kidole kikifuata mistari. Serikali niliyoiandikia kurasa mia mbili ilikuwa imesimama mbele yangu, kanga kiunoni.

Akaikunja, akanitilia mkononi.

"Siku nyengine usiitie kitabuni, nna roho moja tu mimi," akasema, akarudi kwenye tende zake. Nikaegemea ukuta, nacheka huku nalia.

Bila ya kunigeukia, akauliza: "Na yeye, kwao wapi?"