Waya Unaoipimia Injini Pumzi

Mama aliyetuletea gari lile gerejini hakutaka hata tufungue boneti. Alitaka tumwambie tu kama injini imekufa, aliuze. Alikuwa ametoka Port Victoria, kando ya ziwa, na mamake mzazi, mwenye kidonda mguuni ambacho lazima kisafishwe kila wiki hospitalini hapa Kisumu. Gari likifika mlimani nguvu zinaisha, hata malori yanalipita. Kwa hivyo familia ilikuwa imekata shauri: gari liuzwe, nyanya abaki kwa mwanawe wa kiume, mtaa wa Milimani hapa mjini, mpaka mguu upone.

Nyanya mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi, mguu ameunyoosha.

"Milimani hakuna mtu wa kusalimia," akatuambia, kana kwamba sisi ndio tulioamua. "Kila mtu na geti lake. Ni mbwa tu wanaongea."

Shule yangu haikufika mbali, lakini injini hunijia ndotoni, nami huziona zikipumua. Kinachonishangaza zaidi ni jinsi gari linavyojua limevuta hewa kiasi gani, maana bila kujua hivyo haliwezi kumwaga petroli ya kutosha. Magari mengine ya zamani yana kimlango ndani ya njia ya hewa. Hewa inakisukuma, na kadiri kinavyofunguka ndivyo gari linavyojua. Mengine yana sensa inayopima mvuto ndani ya injini, halafu kompyuta inapiga hesabu. Lile la mama lilikuwa na waya mwembamba unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama unavyopuliza uji, na umeme unaongezwa ili waya usipoe. Umeme ukiongezwa sana, basi hewa ni nyingi.

Mkubwa wangu, mwenye gereji, ni mtu wa ile sensa ya mvuto.

"Huo waya wako ni yai," alisema tukifungua boneti. "Uchafu kidogo tu, unalia. Sensa yangu inakaa kando na kupiga hesabu yake."

"Inakisia, Baba," nikamjibu. "Waya unaguswa na hewa yenyewe."

"Ndiyo maana unaugua!"

"Nyinyi mnatengeneza gari ama mnajadili mahari?" nyanya akauliza kutoka nyuma.

Nikachomoa soketi ya ule waya, nikawasha. Gari lisilo na kasoro, ukilifanyia hivyo, huvuta vibaya, kwa sababu kompyuta inabaki kubahatisha. Hili likavuta vizuri zaidi. Moyo wangu ukaruka. Injini haikuwa imekufa, ilikuwa inadanganywa.

Tukafungua kasha la ea klina, lile chujio la karatasi linalozuia uchafu. Lilikuwa limejikunja kama jani kavu, kingo zimeacha nafasi. Na kwenye waya kulikuwa na mabawa ya wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, yameungua na kuganda. Waya ulikuwa umevaa koti. Hewa inapita nyingi, wenyewe hauihisi, kompyuta inamwaga petroli kidogo, na mlima unakuwa mkubwa.

"Nani aliosha hii?" mkubwa akauliza.

Mama akasema si yeye. Nyanya akautazama mguu wake.

"Ni mimi. Ilikuwa imejaa wadudu. Nikaifua na sabuni, nikaianika kwa neti pamoja na dagaa wa omena. Si ilitakata?"

Mkubwa alicheka mpaka akashika gari asianguke. "Ndiyo maana inanuka mboga!"

Mama hakucheka. Nyanya naye akasema polepole, "Kumbe ni mimi nimejifukuza kwangu."

Niliumia. "Dani," nikamwambia, kama tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, "kitu kikiwa kichafu, mtu anakiosha. Hakuna aliyekuambia karatasi hii haipendi maji." Halafu nikamgeukia mkubwa, nikakubali kwamba kwa watu wa ziwani pengine sensa yake ni bora, isingesumbuliwa na mabawa.

Nilidhani atajisifu. Akafikiria kwanza, akipangusa mikono.

"Yangu isingesumbuliwa," akasema. "Na injini ingeendelea kula wadudu na mchanga kimyakimya mpaka iishe. Huyu wako angalau amelia mapema."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Nilikuwa nikitafuta kipimo kisichokosea. Sijui kama kipo.

Nikaupulizia waya dawa yake, maana ukiupangusa na kitambaa unakatika. Tukangoja ukauke, tukaweka chujio jipya, tukatoka kulijaribu, mama akiendesha, mimi kando yake, nyanya nyuma. Baada ya Kisian barabara ikaanza kupanda kuelekea Maseno. Lori la mchanga lilikuwa mbele yetu. Mama akakanyaga mafuta kwa woga, kisha kwa nguvu, na lori likabaki nyuma.

Huko juu alipunguza mwendo, akaweka indiketa ya kugeuza kurudi mjini. Nilimwona nyanya kwenye kioo amefumba macho, mikono imeshika kiti.

Indiketa ikalia, ikalia. Mama akaizima, akasimamisha gari kando ya barabara.

"Fundi, utapata boda ya kurudi?"

"Nitapata, Mama."

Nikashuka. Nyanya akafumbua macho.

"Na nguo zangu zilizobaki Milimani?"

"Tutazichukua wiki ijayo tukija kliniki," bintiye akasema, na gari likashika njia ya Busia, kurudi Port Victoria.