Maelezo ya Zana kwa Msaidizi Asiyeijua Nyumba

Haijanitoka kichwani siku moja ya msimu wa karafuu, nami nikiwa mke mchanga hapa Shumba Viamboni. Mwanangu, wewe na wenzako mnaoandika programu, nawasimulia nyote, na mjukuu wangu Zuwena ndiye anayeniandikia kwa kuwa mimi sikusoma. Zuwena, andika nisemavyo, usinipambie.

Siku hiyo niliitwa Tumbe kusaidia upishi wa arusi. Mwanangu Khamis, baba yako Zuwena, alikuwa na miaka mitatu, na tumbo lilikuwa likimsumbua. Nilimwacha mikononi mwa wifi yangu Mize, aliyewasili kutoka Makangale siku mbili tu kabla. Nikiwa mlangoni, buibui mwilini, nikamwambia: "Akilia tumbo, mpe dawa iliyo kwenye chupa, pale shubakani." Nikaenda zangu nikiamini nimeeleza.

Katika shubaka lile la ukutani palikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na maji ya shamari, ya kunywesha watoto. Ya pili ilikuwa na mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, makali mno, ya kuchulia viungo vya wazee, wala hayaingii kinywani. Mimi nilizijua hata nikifumba macho. Mize angezijuaje? Mtoto alipolia, alichukua iliyokuwa mbele. Harufu ya karafuu haikumshtua, maana kwao chai haipikwi bila karafuu. Akamnywesha kijiko.

Nilipofuatwa Tumbe nikarudi mbio, nilimkuta mtoto midomo imevimba, anatapika, sauti imekauka. Tulimpakia kwenye gari la samaki hadi hospitali. Siku tatu madaktari hawakuniahidi kitu. Siku ya nne akaomba uji, Alhamdulillahi.

Tuliporudi nyumbani nilimgeukia Mize. "Huna pua wewe? Au kwenu Makangale watoto hunyweshwa chochote?" Mize alilia tu.

Bi Mwanaisha, shangazi ya mume wangu, ambaye ndiye aliyenifunza dawa, alikuwa amekaa kwenye mkeka akitusikiliza. "Hebu mwache mwenzio," alisema. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia dawa ya kwenye chupa."

"Zipo chupa ngapi?"

"Mbili, shangazi."

"Basi Mize katii. Kakosea aliyejua akanyamaza."

Akanisimamisha mbele ya shubaka, akaniamuru nimweleze Mize kila chupa upya. Nikasema, "Hii ni ya tumbo." Akatikisa kichwa. "Ya kunywa au ya kupaka? Ya nani? Kijiko kizima au nusu? Lini isiguswe kabisa?" Nikaeleza, akanirudisha, nikaeleza tena, uso umeniwaka kwa haya. Mara ya nne nilikasirika, nikataja hata rangi ya kizibo na jina la mwanamke aliyenipa mbegu za shamari. Bi Mwanaisha akacheka. "Sasa umemfukia kwa maneno. Mwambie linalomfaa, basi."

Mize, machozi hayajakauka, akadakia: "Wifi, mimi nilielewa tangu mara ya tatu. Nilitaka tu kukuona ukitaabika." Hapo ndipo tulipopatana.

Haya, Zuwena, usiruke hili linalokuhusu. Juma lililopita nilimsikia mjukuu wangu huyu akiitukana kompyuta yake. Msaidizi wake wa akili mnemba, anayemwandikia programu kwa zana alizompa, yaani amri za kompyuta za kufanyia kazi, alikuwa amefuta orodha ya wavuvi badala ya kuihifadhi. "Jinga kabisa hili, bibi!" Nikamwuliza, "Ulimwambia zana hiyo ni ya nini?" Akanisomea. Zana zilikuwa mbili, moja ya kuhifadhi na moja ya kufuta, na kila moja ameiandikia "Hushughulikia orodha," hakuna zaidi. Nilimsikitikia, kwani kazi ya wiki nzima ilikuwa imepotea. Lakini nilimkataza kutukana, kwa sababu nilimwona amesimama pale pale niliposimama mimi.

Mwanangu, msaidizi huyo ni mwepesi na mtiifu, ila nyumba yako haijui. Hana cha kushika isipokuwa maneno uliyomwandikia. Ipe kila zana jina linalotaja kazi yake. Eleza inafanya nini, itumike lini, na lini isitumike, hasa ikiwa ipo nyingine inayofanana nayo. Taja inahitaji kupewa nini, na kwa namna gani, na itarudisha nini. Ikiwa hufuta kisichorudi, liseme hilo mwanzo kabisa. Ikikataa kazi, imwambie kosa liko wapi, apate kulirekebisha. Zana mbili ambazo wewe mwenyewe huwezi kuzitofautisha kwa maneno, afadhali uzifanye moja. Wala usimrundikie hadithi ndefu. Kisha mpe kazi ndogo isiyo na hatari, umtazame: pale atakaposhika zana isiyofaa, ujue hapo ndipo maelezo yako yalipopungua. Rekebisha maelezo kwanza. Lawama baadaye, kama bado itahitajika.

Sisemi haya kukudharau. Jambo tulilolizoea sana ndilo tunalosahau kulitamka, nami nilisahau juu ya mwanangu wa kuzaa. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kumweleza asiyejua, awabariki watakaotegemea kazi ya mikono yako, na akukinge na majuto ya neno uliloweza kulisema, ukaondoka hujalisema. Amin.