Twiga Aliyekwama Mlangoni

Miaka hiyo nilikaa mtaa wa Huruma, chumba kimoja cha mawe, mlango mmoja, dirisha moja la vyuma. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimepotoka mahali, nivumilieni. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza masanduku ya vitu vinavyopelekwa ng'ambo kwa ndege.

Watu hudhani ni kugonga misumari tu. Wapi! Siku moja karani wa mizigo alinirudishia sanduku zima kwa sababu nilipakia vibuyu ndani ya nyasi kavu. "Fundi, nyasi hazipandi ndege," akaniambia. "Huko wanaogopa wadudu." Tangu hapo nikawa napakia kwa magazeti yaliyochanwa na vipande vya sponji. Sponji hiyo niliitoa kwenye godoro letu, na mama watoto alipogundua, alininyima maneno siku mbili. Lakini hiyo ni habari nyingine. Masharti yalikuwa mengi: mbao zisiwe na maganda wala ubichi. Chini kuwe na miguu, ili mashine ya kuinulia ipate pa kuingiza vyuma vyake. Mshale wa kuonyesha juu, pande zote.

Jirani yangu alikuwa mchongaji, mtu wa Machakos, mpole ajabu. Alichonga twiga kutoka gogo moja, mrefu kunizidi, kazi ya miezi minane. Mnunuzi wa ng'ambo alimwandikia kwamba twiga asipofika kwa ndege ya Jumamosi fulani, hatamnunua tena, mchongaji abaki naye. Na twiga wa namna ile hapa mjini nani angemweka wapi? Karani alinisomea vipimo vya mlango wa ndege. Mimi na namba hatukupatana, kwa hiyo nilivifunga kwa mafundo kwenye kamba ya katani. Sanduku langu lisingezidi mafundo yale hata kwa unywele.

Mvua ilikuwa inanyesha wiki hiyo, basi nikalitengeneza chumbani. Twiga, kabla ya kuwekewa sanduku, aliingia mlangoni bila shida, shingo mbele. Nikamlaza, nikamzungushia sponji, nikamfunika mbao, nikakaza kwa mabanzi katikati, vipande vya mbao vilivyotokeza nje, na mikanda ya chuma juu yake. Ijumaa mtu wa forodha alikuja, akakagua kabla sijafunga, akahesabu karatasi, kisha nilipofunga akatia lakiri ya risasi, ule muhuri wa forodha, kwenye mkanda. Akatuonya: "Lakiri hii ikivunjwa, mnaanza upya. Na mimi siji tena mpaka Jumatano."

Jumamosi saa sita pikapu ikaja. Mizigo ilipokelewa mwisho saa kumi. Tuliung'oa mlango kwenye bawaba, mchongaji na dereva wakavuta kutoka nje, mimi nikasukuma kwa ndani. Kichwa cha sanduku kikapita vizuri. Tukashangilia. Nikasukuma kwa bega, kwa nguvu zote, na mabanzi ya katikati yakaingia kwenye miimo ya mlango, zile nguzo za mbao za pembeni, yakang'ang'ana kama meno. Halikwenda mbele. Tukarudisha, halikurudi nyuma. Na mimi niko ndani.

Mama muuza sukumawiki akachungulia dirishani. "Fundi, leo umejipaki mwenyewe! Umejichorea mshale?"

"Cheka tu, mama."

"Sichezi na mzigo wa watu. Usije ukaamkia Ulaya!"

Walicheka nje, nikawasikia hadi vyumba vya mwisho vya ploti. Mimi nilikaa kitandani nikitazama ubao nilioupiga randa mwenyewe. Kukata mabanzi ilikuwa ni kukata mikanda, na kukata mikanda ni kuvunja lakiri. Joto likapanda. Nilianza kubanwa na haja ndogo, sitaficha, na sufuria zote za mke wangu zilikuwa zinanitazama. Nilivumilia.

Kilichobaki ni kuung'oa mwimo wa mlango, na mwimo ulikuwa wa mwenye nyumba. Mzee huyo alikuwa na kibanda cha viatu sokoni Kariokor, na mbao za milango yake alizileta mwenyewe kutoka kwao Murang'a. Hata msumari wa kutundikia kalenda aliukataza. Mke wangu akaenda kumwomba ruhusa. Akarudi saa nane na nusu, akashika vyuma vya dirisha.

"Hayupo. Ameenda kwa mgonjwa. Baba watoto, usiguse mlango wa watu. Tutalala wapi?"

Mchongaji hakusema kitu. Alikuwa ameinama, ameweka mkono juu ya sanduku kama mtu anayeshika mnyama mgonjwa. Angenililia, ningekataa. Kule kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Nikatoa msumeno chini ya kitanda. Mke wangu aliposikia mkwaruzo wa kwanza, akaondoka dirishani. Nikakata mwimo juu, chini nikautindua kwa patasi, mawe yakamwagika na vumbi lake. Sanduku likashuka kidogo, likapumua, likateleza nje. Saa tisa na robo. Pikapu ikaondoka hata sijaaga, maana nilikuwa nakimbilia choo.

Saa kumi na mbili mchongaji akarudi na karatasi yenye muhuri. Limepokelewa. Alinishika mikono yote miwili. Nyuma yake akaingia mwenye nyumba, kofia mkononi, akalitazama lile tundu.

"Mlango wa ndege uliupima?"

"Niliupima, mzee."

"Umewahi kuuona?"

"Hapana, mzee. Nilisomewa."

"Na huu wangu?"

"Huu... huu nilikuwa napita kila siku."

Hakunitukana. Alisema tu mwisho wa mwezi nimwachie chumba chake, na mwimo niurudishe kabla sijaondoka. Mchongaji akamsihi, akapiga hata magoti. Mzee akamwinua, akamwambia, "Twiga wako amekwenda. Mimi nyumba yangu haijaenda popote."

Tulipata chumba mbali zaidi, kidogo kuliko kile, bila dirisha kabisa. Siku ya kuhama nilianza kupanga mbao ili vyombo visivunjike njiani. Mke wangu akanipokonya nyundo. Akatandika shuka sakafuni, akamwaga vikombe, sufuria, nguo za watoto, akakusanya pembe zake, akajitwika.

"Wewe beba godoro," akasema, akatangulia.