Niliondoa Giza Kwenye Mchezo, Rafiki Yangu Akaacha Kutusalisha

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, ingawa sina muda mrefu wa kuaibika. Nina miaka themanini na moja. Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa ni mgonjwa wa figo, nimelala ghorofani kwangu hapa mtaani Kuze. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Juma lililopita mliuliza hapa ni michezo gani ya vita ya kompyuta iliyo bora kuliko yote tangu ianze, ile isiyo na zamu, ambayo wewe na adui mwajenga, mwachimba dhahabu na kupeleka askari kwa wakati mmoja. Watu walibishana sana. Wengine walitaja ya vifaru, wengine ya viumbe wa angani. Kisha mtu wa barza yetu, tunapokutania wazee kwa kahawa, akaandika: "Waulizeni watu wa Kuze. Kuna mwalimu mzee huku hajashindwa miaka minne." Wakamshangilia. Mimi niliizima simu, nikaifukia chini ya mto.

Mwalimu huyo ni mimi.

Rafiki yangu nitamwita Sefu. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na ni hafidh, Kurani yote i kifuani mwake. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitusalisha tarawehe, sala za usiku za Ramadhani. Tulipostaafu tuliuchoka mchezo wa dhumna, tukaingia mchezo mmoja wa kale wa wafalme na ngome. Kwangu mimi huo ndio bora kuliko yote, na uzuri wake ni giza. Ramani nzima ni nyeusi mpaka utume mtu akatazame. Humwoni mwenzako apanga nini. Wamkisia tu, kwa sababu wamjua.

Tuliweka kompyuta mbili sebuleni kwangu, zimepeana migongo, waya katikati. Kila Jumamosi baada ya alasiri barza nzima ilipanda kutazama, na aliyeshindwa alishika dele la kahawa akawamiminia wote. Nilishindwa mimi. Nikashindwa tena, na tena. Nikawa nawamiminia kahawa watu niliowafundisha kujumlisha.

"Mwalimu, kikombe changu hakijajaa," mmoja akanambia. "Ama hesabu imekushinda?"

"Mwacheni mwalimu wangu, yakhe," Sefu akasema. "Juma lijalo atanitoa machozi."

Nilikwenda Mwembe Tayari kwa fundi wa kompyuta, akaniwekea programu ndogo inayoondoa lile giza, upande wangu peke yake. Kisha nikatangaza sheria: mtu asisimame nyuma ya mchezaji, watu wakae kando wasikilize tu, wasije wakatunong'oneza. Walinisifu kwa uadilifu. Uadilifu!

Sikushindwa tena. Sefu alificha wapanda farasi wake msituni, pembeni kabisa ya ramani. Akakuta mikuki yangu imewangoja. Alijenga gati ya siri, nikaichoma kabla haijakwisha. Mwanzo alicheka. "We mwalimu, wafuga majini?" Barza wakavunjika mbavu. Baadaye hakucheka. Alianza kulishika dele kabla mchezo haujaisha.

Siku moja watu waliposhuka, alibaki.

"Mwalimu, nakuuliza, unambie kweli. Napanga jambo langu vizuri, kumbe nimeliacha wazi. Kichwa changu chaniacha?"

Pale ndipo pa kusema. Nikamwambia: "Ni uzee, Sefu. Nami nimeliona muda. Punguza mambo mazito."

Nimeliona muda! Yasomeni tena maneno hayo, mwone ni mtu wa namna gani mnayemwita bingwa.

Ramadhani iliyofuata alikataa kusalisha. Aliwaambia wa msikitini anaogopa kuruka aya. Siijui siku aliyoruka aya, na nimesali nyuma yake tangu nywele zetu nyeusi. Sasa hujiandikia vikaratasi: nimefunga mlango, nimemeza dawa. Nimemfanya mtu mwenye akili timamu aiogope akili yake, kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

Na ndiye anilishaye uji. Huja kila siku, huketi ukingoni mwa kitanda, hunipangusa kidevu kwa leso yake mwenyewe. Leso ni safi. Kinyaa ni kidevu changu.

Jana tulitakana radhi, kama ada kwa mtu aliyefikia nilipofikia. Nikasema, "Sefu, nisamehe nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua." Nilikusudia kuendelea. Akanikata.

"Nimekusamehe yote, Mwalimu, ya dunia na ya akhera. Usinitajie. Ukinitajia nitasahau, nawe wakijua kichwa changu." Akacheka mwenyewe.

Nikasema amin, nikaupokea. Msamaha nao nimeupata kama nilivyopata ushindi: mimi naona ramani yote, yeye yumo gizani.

Hadi Ramadhani ijayo yamebaki majuma matatu. Msikitini wamemwomba arudi, amekataa. Lakini ameniomba tucheze mchezo wa mwisho Jumamosi. Asema atanipandisha mito niweze kuketi. Kompyuta ziko pale pale, na programu imo. Nawaza nimwambie abadilishe nafasi, akae kiti changu. Akiwasha tu, ataiona ramani nyeupe pe, na sitahitaji kusema neno. Atajua kuwa kichwa chake hakikumwacha hata siku moja. Kisha huenda akasimama akatoka, na itakuwa haki yake. Ila sina mwingine wa kunishika mkono roho ikitoka.

Nishaurini, na msinipambie maneno. Nimkalishe kiti changu? Ama kuna njia ya kumrudishia akili yake, nami nibaki na mkono wake?

Mwaniona? Hata sasa natafuta njia ya kushinda. Jumamosi ni kesho kutwa.