Nilivyomdanganya Tabibu Mbele ya Mkwe

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia natazama chini. Wakati ule nilikuwaga kijana wa kiwanda cha nguo, nimepanga chumba Temeke, nimeshapeleka posa kwa binti wa Mzee Sefu, balozi wetu wa nyumba kumi, na mzee mwenyewe ananisifu barazani kwamba vijana wa Ujamaa wawe kama mie.

Siku moja kifundo cha mkono kikavimba, kikapoa, likafuata goti (nikadhani ni kule kusimama mashineni kutwa), homa ikapanda, na Mzee Sefu akanipeleka zahanati, akaketi kando yangu kabisa. Tabibu akauliza, sauti ya kawaida tu, "Siku za karibuni umekutana na mwanamke?"

Nilikuwa nimekutana naye, mara moja, baada ya ngoma kule Tandika. Lakini mkwe huyu hapa, kanzu imenyooka. Nikasema, "Hapana, nilianguka mpirani."

Basi nikapewa aspirini, na mzee kwa huruma yake akaniletea mchuaji, akanikanda siku tatu mpaka goti likawa kama boga, nikapakiwa kwenye mkokoteni hadi hospitali, majirani wamesimama milangoni. Daktari akachoma sindano gotini, akavuta usaha, ukaenda kupimwa kwa darubini. Alirudi saa ya kutazama wagonjwa, mzee ananilisha uji.

"Ni kisonono," akasema. "Kimeingia kwenye damu kikashukia viungoni, kwa vijana tunakiona. Ungesema mapema, penisilini ingekuwahi. Na huyo mwanamke aje atibiwe."

Mzee akaweka bakuli chini.

"Ni binti yangu?"

"Siye, mzee."

Akanifuta uji kidevuni, akaondoka. Posa ilirudishwa wiki ile ile.

Homa ilishuka ila goti halikukunjika tena, mpaka leo naswali nimekaa kwenye kiti. Nilipotoka nilikwenda Tandika kumtafuta yule mwanamke, nikaambiwa amehama, na sijui kama yuko aliyemwambia akatibiwe.

Siku hizi nikifika kwa daktari namwomba aliyenisindikiza asubiri nje, hata akiwa mke wangu, kisha nasema yote, hata nisiyoulizwa.